Kurekebisha Mashine ya Nuru: Somo la Mawimbi na Vipimo kwa Kidato cha Tano na cha Sita

Mwalimu wa fizikia anayefundisha mwingiliano wa mawimbi hukabiliwa na swali ambalo wanafunzi aghalabu hawalitamki: jambo hili lina kazi gani? Mistari ya nuru na giza aliyoieleza Thomas Young mwanzoni mwa karne ya 19 huchorwa ubaoni, kanuni huandikwa chini yake, na mwanafunzi huiweka akilini pamoja na mambo mengine ya kale ambayo mtihani unaweza kuyadai. Makala haya yanapendekeza mfano mmoja wa siku hizi unaoweza kulihuisha somo hilo, nao ni mashine za kukokotoa zinazotumia nuru badala ya mkondo wa umeme, ambazo zimebuniwa kwa kufuata, japo kwa mbali, namna chembe za ubongo zinavyoungana.

Hata hivyo kiini cha somo ninalolipendekeza si mashine yenyewe. Kiini chake ni kazi ya kuirekebisha. Mashine hizi zina sifa moja inayomfaa sana mwalimu: hesabu yake ikiwa sahihi kabisa karatasini, mashine yaweza bado kutoa jibu lisilo sahihi, na tofauti hiyo haifichiki. Katika maabara zetu tofauti ya namna hii hufichwa kila siku. Mwanafunzi hupima, huona kwamba namba yake haikukaribia ile ya kitabu, huifuta, kisha huandika nyingine iliyo jirani ya kitabu. Wenyewe huita kupika majibu. Mwalimu hujua, na mara nyingi hunyamaza kwa kuwa hana njia ya kumwonyesha kijana kwamba ile namba aliyoifuta ndiyo iliyokuwa na elimu ndani yake. Somo hili linatoa njia mojawapo.

Maarifa anayohitaji mwalimu

Chembe moja ya ubongo hupokea ishara kutoka kwa chembe nyingine nyingi. Ishara hizo hazina uzito mmoja, kwani kiungo kimoja hupitisha kwa nguvu na kingine hupunguza. Chembe hujumlisha yote, na jumla ikipita kiwango fulani nayo hutoa ishara yake. Ukiuandika mtindo huu kihesabu, utapata kazi ya kuzidisha kila ishara kwa uzito wake na kujumlisha mazao. Chembe zikiwa nyingi, kazi hiyo ni kuzidisha jedwali la namba, ambalo wanahisabati huliita matriki, kwa safu ya namba. Carver Mead wa California Institute of Technology alikuwa miongoni mwa walioongoza, katika miaka ya 1980, juhudi za kujenga saketi za umeme zinazoiga mfumo wa neva moja kwa moja. Nao Demetri Psaltis na Nabil Farhat walichapisha mwaka 1985 majaribio ya kufanya kuzidisha huko kwa nuru. Wazo, basi, lina umri wa zaidi ya miaka 40, na mwalimu atafanya vema kuwaambia wanafunzi hivyo, ili wasidhani kwamba kila kinachotangazwa leo kimezaliwa jana.

Nuru inafaa kazi hii kwa sababu nyepesi. Miali miwili ikikutana, hujumlika yenyewe bila kuombwa. Mwali ukipita mahali panapoupunguza, umekwisha kuzidishwa kwa namba iliyo pungufu ya moja. Nuru huvuka kipande cha silikoni chenye urefu wa sentimita moja kwa muda usiofikia sehemu moja ya bilioni ya sekunde, na hesabu inakuwa imefanyika njiani. Mhandisi hujenga njia na kuweka uzito, kisha nuru hupita. Taabu yote imo katika hayo maneno mawili, kuweka uzito.

Kifaa cha msingi ni kile kilichobuniwa na Ludwig Zehnder mwaka 1891 na kuendelezwa na Ludwig Mach mwaka 1892. Mwali hugawanywa mara mbili, kila nusu hupita njia yake, kisha nusu hizo hukutanishwa tena mahali penye matokeo mawili. Mawimbi yakifika mgongo kwa mgongo, nuru yote hutokea upande mmoja. Yakifika mgongo kwa bonde, yote hutokea upande wa pili. Yakifika katikati ya hali hizo, nuru hugawanyika. Hivyo basi kwa kuchelewesha wimbi la njia moja kidogo tu, mtu hupata uzito wowote anaoutaka. Uchelewesho huo huitwa tofauti ya awamu, nao hupimwa kwa nyuzi kama pembe, mzunguko mzima wa wimbi ukiwa nyuzi 360. Mwaka 1994 Michael Reck na wenzake walionyesha kwamba vifaa vya namna hii vikipangwa kwa mpangilio wa pembetatu vinaweza kutekeleza badiliko lolote la mstari lisilopoteza nuru. Kwa njia 4 za nuru vinatosha vifaa 6. Kwa njia 8, vifaa 28. Mwanafunzi aliyesoma kanuni ya michanganyiko atatambua mara moja namba hizo zimetoka wapi.

Nuru huchelewaje? Kwa joto. Juu ya njia ya silikoni huwekwa waya mwembamba unaopashwa kwa umeme. Kipeo cha silikoni cha kupinda nuru huongezeka kwa kiasi cha 0.000186 kwa kila nyuzi moja ya joto, na kwa nuru isiyoonekana yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1,550, ambayo ndiyo hutumika katika simu za nyuzi za kioo, njia yenye urefu wa mikromita 100 huhitaji kupashwa kama nyuzi 42 ili kuchelewesha wimbi kwa nyuzi 180 za awamu. Hesabu hii ni rahisi. Mwalimu awaachie wanafunzi waifanye wenyewe, akiwaonya tu wasichanganye nyuzi za joto na nyuzi za pembe.

Hapa pana mfano wa kwetu ambao hauna mfano bora zaidi. Mpiga ngoma hupasha ngozi kwenye moto wa makuti kabla ya mchezo kuanza. Joto hukausha ngozi na kuikaza, sauti ikapanda. Hakuna mpiga ngoma anayekokotoa ni dakika ngapi ngozi hii iwekwe motoni. Hugonga, husikiliza, huirudisha, hugonga tena, na ngoma zikiwa tatu huzisikiliza pamoja kwa kuwa sauti ya moja hupimwa kwa nyingine. Usiku wa manane umande ukishuka, ngozi hulegea, naye hurudi motoni. Wahandisi wa nuru wanafanya kazi iyo hiyo, isipokuwa ngoma zao ni mamia, zimebanana katika kipande kidogo kama ukucha, na joto la moja humfikia jirani yake.

Jaribio la mwaka 2017

Mwaka 2017 kundi la watafiti wa Massachusetts Institute of Technology, likiongozwa na Yichen Shen na Nicholas Harris, lilichapisha matokeo ambayo yanafaa kuwa moyo wa kipindi. Walitumia kipande cha silikoni chenye vifaa 56 vya Mach na Zehnder. Kazi waliyokipa ilikuwa kutambua irabu nne zilizotamkwa na watu 90. Uzito wa kila kiungo ulitafutwa kwanza kwa kompyuta ya kawaida, kisha ukahamishiwa kwenye kipande kwa kuweka volti za vipasha joto. Katika majaribio 180, kompyuta ya kawaida ilitambua irabu 165, sawa na asilimia 91.7. Kipande cha nuru kilitambua 138, sawa na asilimia 76.7.

Mwalimu aziandike namba hizi mbili ubaoni, 165 na 138, kisha anyamaze kidogo. Uzito ni ule ule. Irabu ni zile zile. Hesabu haikubadilika hata kidogo. Irabu 27 zimepotea wapi?

Watafiti wenyewe hawakuzificha. Walieleza kwamba awamu haikuweza kuwekwa kwa usahihi kamili, kwamba vipima nuru vilikuwa na mtetemo wake, na kwamba joto lilivuja kutoka kwa kipasha kimoja hadi kingine. Mwalimu mwaminifu aongeze jambo moja: ile hatua ya chembe kuamua kama jumla imepita kiwango haikufanywa na nuru katika jaribio hilo, bali iliigwa kwa kompyuta. Si aibu kulisema hili. Mwanafunzi anayezoea kuuliza ni sehemu gani ya mashine iliyofanya kazi gani hatatishika na matangazo ya biashara.

Na hapa mwanafunzi mmoja hakosi kusema kwamba irabu zetu ni tano, tena kila moja husikika wazi. Akubaliwe, kisha somo liendelee.

Hesabu ya ubaoni

Kabla ya kwenda maabara, darasa lipate kuonja kwa kalamu ugumu wa kuweka uzito. Sehemu ya nuru inayotokea upande wa kwanza ni mraba wa kosaini ya nusu ya tofauti ya awamu. Kwa nyuzi 0 hutoka yote. Kwa 60 hutoka 0.75, kwa 90 hutoka 0.5, kwa 120 hutoka 0.25; kwa 180 haitoki kitu. Wanafunzi wachore mchoro wake kwa uangalifu, maana umbo la mchoro huo lina maana kuliko namba zake.

Kisha mwalimu atoe tatizo hili. Tuseme kipasha joto kimoja hutoa tofauti ya nyuzi 180 kinapopewa volti 4. Je, kikipewa volti 2 kitatoa nuru kiasi gani upande wa kwanza? Wengi watajibu nusu. Lakini joto la waya hufuata nguvu ya umeme, na nguvu hufuata mraba wa volti. Kwa hiyo volti 2 hutoa robo ya nyuzi 180, yaani 45, na nuru inayotoka ni 0.85. Anayetaka nusu hana budi kuweka volti 2.83. Darasa likishaona hivyo, mwalimu aulize swali la pili, ambalo ni zito zaidi: awamu ikikosewa kwa nyuzi 5 tu, hasara ni kiasi gani? Pale penye nyuzi 0, kosa hilo hupunguza nuru kutoka 1 hadi 0.998, nalo halionekani. Pale penye nyuzi 90, hupunguza kutoka 0.5 hadi 0.456. Kosa ni lile lile, bali mahali ni tofauti. Kwenye kilele cha mchoro mashine husamehe, na kwenye mteremko haisamehi. Mwanafunzi aliyelielewa hili ameelewa kwa nini mhandisi hawezi kuridhika kwa kuambiwa kwamba vipasha vyake vyote vina usahihi sawa.

Wapo wahandisi wengine waliochagua pete ndogo za silikoni badala ya njia mbili. Pete huvuta nuru ya rangi moja na kuacha nyingine zipite, na kila rangi hubeba ishara yake. Kundi la Paul Prucnal huko Princeton limefanya kazi nyingi kwa njia hii. Pete ni nyeti mno. Ikipata joto nyuzi moja tu, rangi yake huhama kwa karibu nanomita 0.08, na njia ya nuru ikitengenezwa pana kupita kipimo kwa nanomita moja, rangi huhama kwa karibu nanomita nzima. Unywele wa mtu una unene wa nanomita 80,000 hivi, na njia hizo zina upana wa nanomita 500. Kwa hiyo hakuna kiwanda kinachoweza kutoa pete mbili zilizo sawa kabisa, na kila pete lazima ipashwe moto kiasi chake yenyewe ili isimame mahali pake. Kwa maneno mengine, hata mashine mpya kabisa hutoka kiwandani ikiwa haijapatanishwa.

Kazi ya maabara

Shule zetu hazina vipande vya silikoni vya namna hiyo, wala hazivihitaji. Mwingiliano wenyewe waweza kuonyeshwa kwa spika mbili zinazolishwa kutoka chanzo kimoja chenye sauti ya hezi 680. Urefu wa wimbi ni nusu mita, na wanafunzi wakitembea polepole kukatiza ukumbi watasikia sauti ikipanda na kushuka. Penye leza nyekundu ya kuelekezea ubaoni na nyufa mbili zilizoachana milimita 0.25, mistari itaonekana ukutani umbali wa mita 2 ikiwa imepishana kwa milimita 5 hivi. Leza isielekezwe machoni mwa mtu kamwe. Maonyesho haya yanajulikana, nami sitayarefusha.

Kazi ya kurekebisha ndiyo inayohitaji kifaa kipya, nacho ni rahisi. Kila kundi lipewe volyumu tatu za redio zenye omu 10,000, za aina inayopatikana kwa fundi yeyote, vikinza vitatu vya omu 10,000, betri mbili za tochi zinazotoa jumla ya volti 3, na mita ya tarakimu. Kila volyumu ina miguu mitatu. Mguu wa pembeni mmoja uungwe kwenye hasi ya betri. Wa pembeni wa pili uwe na waya unaoweza kugusishwa chanya au hasi. Huo ndio mlango wa ishara. Wa kati uungwe na kikinza kimoja, na ncha za pili za vikinza vyote vitatu zikutane mahali pamoja. Mita ipime volti kati ya makutano hayo na hasi. Hii ndiyo chembe yetu: ishara tatu, uzito tatu, jumla moja.

Angalizo mbili. Mlango usiokuwa na ishara lazima uguse hasi, usiachwe ukining'inia, kwani ukining'inia ukinzani wa njia hiyo hubadilika na hesabu yote huvurugika. Na mita ya zamani ya sindano isitumike pasipo maelezo, kwa kuwa yenyewe huvuta mkondo na kushusha kipimo.

Kazi wanayopewa ni hii: ishara ya kwanza ikiwa peke yake, mita isome 0.60, ya pili peke yake, 0.30, ya tatu peke yake, 0.30. Lakini makundi yasifuate njia moja.

Kundi la kwanza lihesabu tu. Vikinza vikiwa sawa, makutano husoma wastani wa volti tatu, kwa hiyo volyumu ya kwanza iwekwe kwenye 0.6 ya mzunguko wake na hizo nyingine kwenye 0.3. Waweke kwa kutazama alama walizochora, kisha ndipo wasome mita kwa mara ya kwanza. Kundi la pili lipime kila volyumu kwanza ikiwa peke yake, lichore jedwali la mzunguko na volti, halafu lihesabu na kuweka kwa kufuata jedwali. Kundi la tatu lisihesabu kitu. Ligeuze volyumu ya kwanza mpaka mita isome 0.60, liende ya pili mpaka 0.30, liende ya tatu, kisha lirudi mwanzo na kuangalia.

Kundi la kwanza litakuwa mbali sana. Volyumu nyingi za redio zimetengenezwa kwa kufuata sikio la mtu, hivyo nusu ya mzunguko hutoa volti kidogo, pungufu sana ya nusu. Wanafunzi watashawishika kusema kwamba wamekosea hesabu. Mwalimu awaonyeshe kwamba hawakukosea: volyumu ingegawa volti kama walivyodhani, mita ingesoma 0.59 na 0.30. Hesabu ilikuwa ya kifaa kingine, kile kilichochorwa, ambacho hakimo mezani.

Kundi la tatu litakutana na jambo la kushangaza zaidi. Wakianza volyumu zote zikiwa sifuri, wakaiweka ya kwanza kwa 0.60 barabara, wakaenda ya pili na ya tatu, wakirudi kwenye ya kwanza wataikuta imesogea hadi karibu 0.68, ilhali hakuna aliyeigusa. Nitaeleza sababu, kwa kuwa mwalimu ataulizwa. Volyumu ikiwa mwanzoni, mguu wake wa kati umeungana na hasi moja kwa moja, na njia hiyo ina ukinzani wa omu 10,000 za kikinza tu. Ikisogezwa kuelekea katikati, huongeza ukinzani wake yenyewe, hadi omu 2,500 zaidi. Njia hiyo basi huvuta makutano kwa nguvu ndogo kuliko mwanzo, na sauti ya jirani yake inasikika zaidi. Huo ndio uvujaji kati ya majirani, ule ule unaoletwa na joto katika kipande cha silikoni, ingawa hapa umeletwa na ukinzani. Kundi lirudie mzunguko. Mara ya pili masahihisho yatakuwa madogo, na mara ya tatu madogo zaidi.

Wanafunzi waandike kila usomaji, wa mwanzo na wa mwisho, bila kufuta.

Kutoka mezani kurudi kwenye nuru

Sasa darasa linaweza kusikia walivyoendelea watafiti baada ya 2017, na litasikia kwa masikio mengine, maana makundi matatu yameshazipita njia zenyewe. Njia ya kundi la pili, kupima kila kipasha kwanza na kuchora mchoro wake, ndiyo desturi ya kawaida ya maabara za nuru. Ni ya lazima, na inachosha, kwani vipasha vikiwa mamia michoro nayo ni mamia, na joto la majirani halionekani katika mchoro wa kipasha kimoja kilichopimwa peke yake.

Njia ya kundi la tatu, kuifundisha mashine kwa mashine yenyewe, ina tatizo lake. Volyumu tatu zinaweza kujaribiwa moja moja. Elfu tatu je? Mwaka 2018 Tyler Hughes na wenzake wa Stanford walionyesha kwa hesabu kwamba inawezekana kupeleka nuru ya kosa kutoka mwisho wa mashine kurudi mwanzo, ikutane na nuru iliyokwenda mbele, na mwingiliano wa hizo mbili upimwe ndani ya kila kifaa. Kipimo hicho humwambia kila mmoja ageuzwe upande gani na kwa kiasi gani, vyote kwa pamoja. Mwaka 2023 Sunil Pai na wenzake walichapisha jaribio lililotekeleza wazo hilo kwa kifaa halisi. Huu, kwa maoni yangu, ndio utumizi mzuri kuliko wote wa mwingiliano wa mawimbi ambao mwalimu anaweza kumpa mwanafunzi wa kidato cha sita, kwa kuwa mistari ya Young hapa si picha ya ukutani tena, bali ndiyo inayobeba habari ya kosa.

Kundi la Cornell nalo lilichapisha mwaka 2022 njia iliyo kati ya hizo mbili. Ishara hupitishwa mbele katika mashine halisi, na kosa lililoonekana huko hurudishwa nyuma kwa hesabu ya mashine ya karatasini. Hesabu hiyo si kamili, lakini kwa kuwa kosa lenyewe limepimwa kwenye kitu halisi, mafunzo hufika. Mwanafunzi mwerevu ataona kwamba makundi yetu yangeweza kufanya hivyo pia, na mwalimu amruhusu kujaribu.

Wengine wamekimbia joto kabisa. Mwaka 2019 watafiti wa Münster, Oxford na Exeter walionyesha chembe 4 za nuru zenye viungo 60, ambazo uzito wake umewekwa katika mchanganyiko wa germani, antimoni na teluri, jamii ya vitu vilivyotumika katika diski za DVD za kuandikwa upya. Kitu hicho huwa na hali mbili, moja ya kupitisha nuru zaidi na nyingine ya kuinyonya, na hukaa katika hali kilichowekwa hata umeme ukikatika. Sifa hiyo wanafunzi wetu wataithamini bila kuelezwa zaidi.

Kutoa alama

Mwalimu akiutoa mtihani wa kazi hii kwa desturi ya zamani, yaani alama nyingi kwa anayekaribia 0.60, basi atakuwa ameyabomoa yote aliyoyajenga, na wanafunzi wataanza kupika kabla ya betri kuungwa. Kundi la kwanza lingepata sifuri ilhali limefanya kama lilivyoagizwa. Napendekeza kwamba katika alama 20, kumi zitolewe kwa kumbukumbu kamili ya vipimo, pamoja na vile visivyopendeza. Saba kwa maelezo ya sababu ya tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichosomwa. Na tatu tu kwa ukaribu wa jibu la mwisho. Mwanafunzi aliyeandika 0.21 palipotakiwa 0.60, akaeleza volyumu yake ilivyo, na akaonyesha kwa jedwali, amefanya fizikia.

Wapo watakaosema kwamba mgawo huu unawazoesha vijana uzembe. Sioni hivyo. Mzembe hawezi kueleza kosa lake, kwa sababu hakulifuatilia. Tena ni vigumu zaidi kupika maelezo kuliko kupika namba, kama ajuavyo kila aliyewahi kusahihisha madaftari arobaini kwa usiku mmoja na kukuta yote yana jibu moja.

Kazi ya nyumbani

Saketi ziachwe zimeungwa hadi kipindi kijacho, volyumu zisiguswe, na kila kundi lisome tena. Betri zitakuwa zimechoka kidogo, na namba zote tatu zitakuwa zimeshuka. Wanafunzi wajibu kwa maandishi: Je, uwiano wa namba hizo tatu umebadilika? Kuna haja ya kurekebisha volyumu upya, au inatosha kubadili betri? Kisha wafikirie kipande cha silikoni ambacho chumba chake chote kimepata joto nyuzi moja zaidi. Katika kifaa cha Mach na Zehnder chenye njia mbili zilizo sawa, ni nini kitatokea kwa tofauti ya awamu? Na katika safu ya pete, ambako kila pete imehama kwa nanomita 0.08 upande ule ule, mhandisi arekebishe pete zote moja moja, au kuna kitu kimoja anachoweza kukigusa badala yake?

Jibu la swali la mwisho lisitolewe darasani kabla ya madaftari kukusanywa.